Kishikio Mfukoni

Hakuna mtu aliyewahi kushika kitu. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na anayebisha abishe. Unapofungua faili hupewi faili, unapewa namba. Mashine inaingia huko ndani inakokujua yenyewe, inalitafuta, inalifungua, kisha inarudi na kukutilia namba mkononi: shika hii, ukitaka kusoma nioneshe hii. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini, kuandika maagizo ya chini kabisa, yale ambayo mashine inayasoma bila mkalimani, na katika miaka yote hiyo sijashika faili hata moja. Nimeshika namba tu. Na mke wangu je, nilimshika? Nilishika jina lake, Mashavu, nililiita asubuhi na jioni, na mwenyewe alikuwa huko ndani akijua yeye alipo.

Kwetu Huku kila mtu huzaliwa na namba tatu. Sifuri ni sikio. Moja ni mdomo. Mbili ni kilio, nacho kimewekewa njia yake peke yake, mbali na mdomo, ili hata mtu akizibwa mdomo kilio chake kipite. Kwa hiyo kitu cha kwanza utakachokifungua kwa hiari yako maishani kinapewa namba tatu. Nilipomuoa Mashavu nilimwambia, "Wewe ndiye tatu yangu." Akacheka mpaka akashika mlango. Yeye alitoka Kule, na Kule hawagawi namba. Wanakupa kishikio, kipande cha mti kilichochongwa cha kuenea kiganjani, hakina maandishi, na anayejua maana yake ni bawabu peke yake.

Nisikuache njiani, msomaji. Kuna Huku na kuna Kule. Baina yao hakuna mto wala ukuta, kuna mazoea tu, na mazoea ndiyo mpaka mgumu kuliko yote niliyowahi kuivuka. Huku alama ya njia, kile kistari cha kutenga jina na jina katika anwani ya faili, inalalia mbele, Kule inalalia nyuma. Huku ukiliandika jina kwa herufi kubwa na kisha kwa herufi ndogo, hao ni watu wawili. Kule ni mtu mmoja, na ukibisha wanakutazama kwa huruma. Huku mstari ukiisha tunashuka chini, basi. Kule mstari ukiisha wanafanya mambo mawili: wanarudi kwanza mwanzo, ndipo washuke. Mashavu alikuwa hivyo mwili mzima. Hakuwahi kuondoka nyumbani mara moja. Atatoka, atafika barazani, atarudi kugusa kitu, kufuli, birika, bega langu, ndipo aende zake. Nikimwona karudi namwambia, "Haya, desturi za kwenu hizo." Naye ananijibu, "Ndiyo, na za kwenu ni kutoka kama mwizi."

Hata wakati hatukuuhesabu sawa. Saa za Huku zimeanza kuhesabu juzi juzi tu, wazee wetu wakiwa wameshaoa. Saa za Kule zimeanza kabla babu wa babu hajazaliwa. Nikikwambia imepita miaka kumi na moja tangu aondoke, mimi nahesabu kwa saa za Huku. Kwa za Kule huenda ikawa karne, au mvua moja. Mimi mwenyewe asubuhi nyengine naamka nikiwa bado sijaoa, na jioni yake nina mvi.

Lakini kilichoniponza si saa. Ni neno.

Kule ukifika mlangoni kutaka faili, lazima useme unataka usomewe vipi. Ukisema *kama lilivyo*, utapewa kila kilichomo, alama kwa alama, mpaka mwisho wake wa kweli. Usiposema kitu, wanakusomea kwa adabu. Adabu ya Kule ni hii: wanazitengeneza ncha za mistari zikae sawa, wanapangusa vumbi, na wakikutana na alama ya ishirini na sita wanafunga kitabu na kusema, mwisho. Alama hiyo ni masalia ya zamani, enzi ambazo hawakuwa wakipima urefu wa waraka, na mwandishi ilimbidi aweke mwenyewe kituo cha mwisho. Siku hizi hakuna anayeihitaji. Lakini nani anavunja adabu ya wazee? Ikionekana tu, hata iwe katikati ya neno, wanafunga.

Na Huku? Huku neno hilo halifanyi kazi yoyote. Uliseme usiliseme, faili linafunguka lile lile, lote. Kwa hiyo sisi hatulisemi, na tunawacheka wanaolisema. Mashavu alihamia Huku akaishi miaka tisa, na kila siku, kwenye kila mlango, alisema, "Nifungulie kama lilivyo." Watu wakipigana viwiko. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mimi mumewe.

"Mke wangu, neno hilo Huku halifanyi kazi."

"Najua."

"Sasa unalisemea nini?"

"Silisemi kwa ajili ya Huku," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Mama yake alifariki kipindi cha masika. Mashavu akafunga mzigo mdogo, akaniambia twende. Nikamwambia tangulia, nina kazi naimalizia, kesho nipo. Kazi yenyewe nini? Nilikuwa naandika maagizo ya kufungua faili popote, Huku na Kule, kwa mkono mmoja, na nilijiona nimekaribia. Kesho ikawa keshokutwa. Sikwenda mazikoni. Nimekiandika hiki hapa kwa sababu kila nilipokisimulia kwa watu nilikizungushia maneno, na leo sina nguvu za kuzungusha. Mkwe wangu alizikwa, mimi nikiwa nimekaa mbele ya mashine.

Mashavu hakurudi. Aliniachia faili kwenye Ofisi ya Milango ya Kule, na habari zikanifikia kwamba kuna barua yangu. Nikaenda mbio. Nikafika natweta, bawabu akaniuliza maswali yao saba, maana Kule hawakupi kitu bila maswali saba, nikayajibu kwa haraka ya mtu wa Huku, mengine nikayaruka. Kama nisomewe vipi, sikusema kitu. Ningesema nini? Neno lisilofanya kazi? Wakanipa kishikio, na barua ikaja:

*Shaali, mama tumemzika jana. Nilikutazamia mpaka udongo ukaisha. Wakaniuliza, mumeo yuko wapi? Nikasema yuko njiani. Uongo huo nimeusema mara tisa, mara ya kumi nimechoka. Usinifuate.*

Mwisho, wakasema, wakafunga kitabu kwa adabu. Nami nikageuka, nikatoka kama mwizi, kishikio kikiwa mfukoni.

Basi sikumfuata. Watu wakinishauri, nenda kamwombe radhi, nawaambia kasema nisimfuate, mimi naheshimu neno la mtu. Heshima gani! Nilikuwa nimeudhika. Nikaipamba hasira yangu jina la heshima nikakaa nayo chumbani, tukala pamoja, tukalala pamoja, miaka kumi na moja. Birika lake la shaba lilibaki juu ya kabati. Nililipangusa tu, sikulishusha wala sikulitupa.

Halafu wiki iliyopita, au ni mwaka uliopita, nikapigiwa simu kutoka Kule. Mwanamke, sauti kavu, anatunza maandishi ya zamani na anatumia programu yangu. Ndiyo, ile ile iliyonikosesha maziko.

"Programu yako inakata mafaili yetu, bwana. Mengine yanaishia katikati."

"Haiwezekani, dada. Huku yote yanafunguka mpaka mwisho."

"Huku kwako. Mimi niko huku kwangu."

Nikaingia kutafuta. Siku mbili, chai na mkate mkavu. Siku ya tatu nikaliona: mahali nilipoagiza faili lifunguliwe, sikuweka lile neno. Sikuwahi kuliweka. Mafaili ya Kule yalikuwa yakikutana na alama ya ishirini na sita na kufungwa kwa adabu, na mimi miaka yote najisifu kwamba nimeandika kitu cha kufanya kazi popote. Nikalitia neno. Nikanyanyuka niende jikoni, na sikufika. Nikakaa chini sakafuni, kwa sababu nilikumbuka kwamba kuna faili jengine nililolifungua Kule bila neno hilo.

Je, kama barua haikuishia pale?

Sikulala mpaka nilipovuka.

Ofisi ya Milango ni ukumbi mrefu usio na milango, jina tu. Kuna dirisha moja na benchi moja, na nje mvua ilikuwa inanyesha bila ya haraka. Dirishani alikaa bawabu, mwanamke wa makamo, Bi Hidaya, anamumunya ubuyu na kokwa anazitemea kwenye kopo la maziwa. Ting. Nikamsalimu, akaitikia, akafungua daftari la maswali.

"Jina la faili?"

Nikataja.

"Unataka kulifanya nini?"

"Kulisoma."

"Ukiwa nalo, unamruhusu mwengine alifungue?"

Hili mara ile ya kwanza nililiruka, nakumbuka vizuri, nikidhani ni porojo. Huku watu kumi hufungua faili moja kwa mpigo, kila mmoja na namba yake, hakuna anayemzuia mwenzake. Nikamuuliza, "Nisipojibu inakuwaje?"

"Usipojibu tunaandika hapana. Kimya ni hapana."

"Basi namruhusu."

Akamaliza manne yaliyobaki, akaingia ndani. Alikawia. Nilisikia rafu zikivutwa. Aliporudi alikuwa ameacha kumumunya.

"Limeshikwa."

"Limeshikwa? Na nani?"

"Hatusemi."

"Bi mkubwa, ile ni barua yangu! Ya mke wangu!"

"Sawa, ni yako. Na limeshikwa. Aliyelishika hajaruhusu mwengine. Kaa hapo, akirudisha utapata."

"Ameshika tangu lini?"

"Mh. Tangu jino hili sijang'oa," akasema, akanionesha pengo. "Mtu mwenyewe kama amelala nalo."

Nikakaa kwenye benchi, na wivu ukanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nani? Mwanamume gani anasoma barua ya mke wangu, tena polepole, tena miaka yote? Anajua kilichoandikwa baada ya *Usinifuate*, mimi sijui. Labda ameandikiwa yeye. Labda mstari wangu ulikuwa salamu za juu tu, na barua yenyewe ni ya mwengine.

Kaa, Shaali. Kaa ufikiri, ulikuwa na muda wa kufikiri ukautia kwenye mashine.

Kitu kilichofungwa kipo? Nadhani kipo. Kitu kilichofunguliwa nusu je? Hicho ndicho kinachotisha, kwa sababu aliyekifungua nusu anaapa kwamba amekijua. Nilimfungua mke wangu kwa mazoea ya kwetu. Alipofika mahali pa kuvuta pumzi nikasema mwisho, nikafunga kitabu. Mara ngapi? Sebuleni, mezani, kitandani, mara ngapi alisimama katikati ya sentensi kumeza mate nami nikadhani amemaliza? Alikuwa akisema "kama lilivyo" kila siku mbele yangu. Yule mwanamke alikuwa akiniomba kitu. Nami nacheka.

Sifuri, sikio: lilikuwa wazi. Moja, mdomo: wangu haukufungwa kamwe. Mbili: sijaitumia. Nikajaribu pale pale kwenye benchi, ikatoka sauti ndogo, Bi Hidaya akainua kichwa.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Hicho unachokichezea mfukoni ni nini?"

Kumbe mkono wangu ulikuwa mfukoni. Umekuwa humo miaka kumi na moja, ndiyo tabia yake, ukiona upweke unakwenda kukipapasa kile kipande cha mti mpaka kimelainika. "Kumbukumbu tu," nikamwambia. "Cha mke wangu."

"Lete nione."

Nikakitoa. Alikitazama upande huu, akakitazama upande ule, akakinusa. Kisha akakiweka juu ya daftari taratibu.

"Lo! Wee bwana," akasema. "Wee bwana wee. Hiki ndicho. Ni wewe uliyelishika."

"Mimi? Mimi nilisoma nikaondoka!"

"Uliondoka na kishikio."

"Kwetu ukitoka mlangoni kila kitu kinajifunga chenyewe!"

"Kwetu mpaka ukirudishe," akasema. Hakusema kwa ukali. "Jina lako nani?"

"Shaali."

Uso ulimbadilika, sikujua kwa nini. "Karibu, shemeji," akasema.

Sikuuliza ushemeji umetoka wapi, nilikuwa na haraka yangu ile ile. Akakipokea kishikio, akafunga faili. Nikaanza upya, swali la kwanza mpaka la saba, nikijibu kila moja. Alipofika kwenye namna ya kusomewa nikasema, kwa sauti ambayo ukumbi mzima ungesikia kama ungekuwa na watu:

"Kama lilivyo."

Na barua ikaja. Niliijua kwa moyo mpaka kituo chake. *Usinifuate.* Halafu ile alama ya ishirini na sita, ndogo, yeye mwenyewe ameiweka kwa mkono wake. Halafu:

*Nimerudi. Unanijua, mimi siondoki mara moja. Nilikuwa nimeshamaliza, nimefika barazani, nikarudi. Hapo juu nilikuwa na hasira na sifuti, ujue ulivyoniuma. Lakini usinifuate sasa hivi, mvua hii njia ya kisimani haipitiki, utateleza, wewe huna viatu vya maana. Mvua ikikatika njoo. Nipo kwa dada, nyumba ya tatu ukipita kisima. Njoo na birika langu, nimelisahau juu ya kabati. Na kama huwezi kuja, niandikie humu humu, mwishoni. Nitakuwa napita kutazama.*

Nilisoma mara nne. Kisha nikaweka paji la uso kwenye ubao wa dirisha, na namba mbili ikafunguka yenyewe. Bi Hidaya aliniacha nilie. Hakutema hata kokwa.

"Alipita?" nikamuuliza, niliponyamaza.

"Kila mvua ikikatika. Anakuja pale ulipo wewe, anauliza, faili langu limeachiwa? Anataka kuongeza maneno. Namwambia limeshikwa. Ananiuliza na nani, namwambia hatusemi. Sasa mwaka mmoja nilimwonea huruma, nikavunja sheria. Nikamwambia, na mumeo, Shaali."

"Akasemaje?"

"Alifurahi, shemeji. Wallahi alifurahi. Akasema, basi bado anasoma. Mwache asome, yeye ni mzito wa kusoma. Na kila mwaka akija akikuta bado limeshikwa, anatabasamu, anakwenda. Ndiyo sisi hapa tukawa tunakuita shemeji, kabla hatujakuona."

Mlango nilioufunga mimi, mke wangu ameusimamia mvua kumi na moja akidhani ni macho yangu yako juu ya maneno yake.

"Mwaka jana alikuja?"

"Alikuja. Na fimbo, lakini alikuja."

"Na mwaka huu?"

Akageuza shingo kutazama nje. "Mvua bado, shemeji."

Nikarudisha kishikio, nikaomba kufungua tena, safari hii kwa kuandika. Kalamu yake ikasimama. "Kuandika juu, au kuandika mwishoni? Ukisema kuandika tu, kwetu tunafuta kilichopo chote ndipo uanze. Fikiri kabla hujajibu."

Kwa haraka ya kwetu ningeshasema. Nilifunga mdomo, nikafikiri. "Mwishoni," nikasema. "Kilichopo kisiguswe, hata ile alama."

"Ukiwa nalo, unamruhusu mwengine?"

"Namruhusu."

Nikaandika: *Nimesoma mpaka mwisho. Nimechelewa mno. Sikuja kwenye maziko ya mama, sina sababu. Birika liko palepale, halina hata doa, nalipangusa kila Ijumaa. Shaali.* Nikaongeza viatu: *Nimenunua viatu.* Uongo. Nikaukata, nikaandika: *Nitanunua viatu.*

Kisha nikalifunga faili mwenyewe, nikamkabidhi Bi Hidaya kishikio mkono kwa mkono, nikasubiri mpaka akitundike ukutani. Nikamuaga. Nikatoka mpaka barazani, maji yanatiririka kutoka paani, njia ya kisimani haionekani. Nikasimama pale kidogo, nikapeleka mkono mfukoni kwa mazoea, haukukuta kitu.

Nikarudi ndani, nikakaa kwenye benchi.